Kupandisha rimu kwenye Premio, Allion na Wish: ubaki 15, uende 16 au urukie 17?

Mtu akiamua kupendezesha gari, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni rimu. Anaikuta imetundikwa dukani, Gerezani kwa Dar au Kirinyaga Road kwa Nairobi, inang'aa, muuzaji anaizungusha kidogo kwa mkono, bei inashuka mara mbili tatu, hela inahesabiwa. Ndipo anauliza: “Hii inavaa tairi gani?”

Swali hilo lilitakiwa litangulie. Ukishanunua rimu ya 17 umeshajifungia kwenye matairi machache, ya bei ya juu, yenye ubavu mfupi, na kwa kuwa hela imeishia kwenye rimu unachukua tairi lolote litakaloingia. Mimi naanza upande wa pili: chagua kwanza tairi linalofaa njia unazopita na mzigo unaobeba, halafu tafuta rimu ya kulibeba tairi hilo. Ukifuata mpangilio huo, wengi wetu tutajikuta kwenye 16, wachache kwenye 17, na 18 itabaki kwenye picha.

Nalinganisha kwa Toyota Premio, Allion na Wish kwa sababu zimejaa barabarani kwetu na zinafanana miguuni: matundu matano kwa mpangilio wa 5x100, na nyingi zilitoka Japani na tairi la 195/65R15. Si zote. Baadhi ya Premio na Allion za injini ndogo zilitoka na tairi jembamba zaidi, kwa hiyo fungua mlango wa dereva, angalia kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango, usome saizi na upepo wa gari lako. Kama kimeandikwa 185/65R15, kipenyo chako cha kuanzia ni milimita 621 na ushee, na hesabu za hapa chini zinasogea kidogo.

Kwa asiyezizoea hizo namba: 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, 15 ni inchi za rimu. Baada ya hapo inafuata namba ya uzito na herufi ya kasi, mfano 91H. Namba 91 inamaanisha tairi moja linabeba kilo 615. H ni kasi isiyozidi kilomita 210 kwa saa. Watu wengi husoma hadi kwenye 15 wakaishia hapo, na ile namba ya uzito ndiyo inayowaumiza baadaye.

Namba zikikaa pamoja

| Tairi | Ubavu (mm) | Kipenyo (mm) | Tofauti na 195/65R15 | Namba ya uzito unayoikuta zaidi |
|---|---|---|---|---|
| 195/65R15 | 127 | 634.5 | – | 91 (kilo 615) |
| 205/65R15 | 133 | 647.5 | +2.0% | 94 (kilo 670) |
| 205/55R16 | 113 | 632 | −0.4% | 91 (kilo 615) |
| 205/50R17 | 102 | 637 | +0.4% | 89 (kilo 580), XL 93 (kilo 650) |
| 215/45R17 | 97 | 625 | −1.5% | 87 (kilo 545), XL 91 (kilo 615) |
| 225/40R18 | 90 | 637 | +0.4% | 88 (kilo 560), XL 92 (kilo 630) |

XL ni tairi lililoimarishwa libebe uzito zaidi. Angalia safu ya kipenyo. Kuna imani imeenea kwamba rimu kubwa inainua gari. Haiinui. Rimu inakua, ubavu unapungua, na tairi zima linabaki karibu na urefu uleule. Tena ukifunga 215/45R17 gari linashuka kwa milimita nne na nusu hivi, kwa sababu tairi zima limekuwa dogo kuliko la kiwandani. Anayetaka gari linyanyuke kidogo apate kuvuka matuta bila kukwangua tumbo, jibu lake lipo mstari wa pili wa jedwali, kwenye rimu ileile ya 15.

Kipenyo ndicho pia kinachoendesha spidomita. Ukiwa na 205/65R15, mshale ukisoma 100 gari linakwenda kama 102. Ni kidogo, na spidomita nyingi hutengenezwa zisome juu kidogo ya kasi halisi, kwa hiyo tofauti hiyo humezwa. Ila ukizoea kupita vijijini ukiuweka mshale 50 kamili huku askari mwenye tochi yuko chini ya mwembe, ni vizuri kujua umeongeza nini. Mimi mpaka wangu ni 2% juu au chini. Ikizidi hapo ni kutafuta maneno na gia, spidomita na madgadi kwa wakati mmoja.

15 au 16: hapa ndipo penye uamuzi wenyewe

Fikiria shimo la lami lenye ukingo mkali, kama yale yanayochimbika masika yakishapita. Tairi likigonga ukingo ule, ubavu unakunjika. Ubavu mrefu una nafasi ya kukunjika ukarudi. Ubavu mfupi unaishiwa nafasi: mpira unabanwa kati ya ukingo wa shimo na mdomo wa rimu, na nyuzi za ndani zinakatika hata kama kwa nje huoni mchaniko. Baada ya siku chache unaona nundu ubavuni, ndogo kama yai. Nundu hiyo haizibwi wala haichomwi kiraka. Upepo sasa umezuiwa na mpira mtupu, na kitakachofuata kitategemea utakuwa kwenye mwendo gani siku hiyo.

Ndiyo maana tofauti ya milimita 127 na 113 naiangalia kwa makini kuliko tofauti ya sura. Kutoka 195/65R15 kwenda 205/55R16 unapoteza milimita 14 za ubavu. Zinazobaki bado zinatosha kwa mtu anayekaa mjini, anayejua kupunguza mwendo, na ambaye kipande chake cha vumbi ni kile cha kuingilia nyumbani tu. Unachopata ni usukani unaoitika haraka zaidi. Kwenye kona za barabara kuu, tuseme unashuka Kitonga ukielekea Morogoro, gari halilali upande kama lilivyokuwa likilala, na ukibadilisha njia kumpita mwenye lori, mwili wa gari unafuata mkono wako mapema. Hilo dereva wa kawaida kabisa analihisi siku ya kwanza.

Kuna faida nyingine ya 205/55R16 isiyosemwa sana: ni saizi iliyopo kila mahali. Magari mengi ya Ulaya ya daraja la kati huivaa, ya Japani pia, kwa hiyo viwanda vingi vinaitengeneza na wauzaji wanaiweka. Unachagua kati ya Yokohama, Bridgestone, Dunlop, Hankook, Maxxis, Linglong, Triangle na nyinginezo, na ushindani huo unaivuta bei chini. Namba yake ya uzito ni 91, sawa kabisa na ile ya kiwandani, kwa hiyo huna haja ya kubadili upepo wala kuogopa mzigo.

Hasara zake zipo. Tairi pana zaidi linakuwa na haraka ya kuelea juu ya maji ikinyesha mvua kubwa, hasa kashata (meno ya tairi) zikishaanza kuisha. Rimu na tairi kwa pamoja huwa vizito zaidi, na uzito wa kwenye gurudumu unausikia kuliko uzito wa kwenye buti: gari linachelewa kidogo kuondoka, mafuta yanapanda kidogo, shokapu na bushi zinafanya kazi zaidi.

Kwa hiyo nani abaki 15? Anayepita changarawe kila siku. Mwenye Wish ya biashara, abiria saba na mizigo juu ya hapo. Anayesafiri mara kwa mara kwenda wilayani, mahali ambapo tairi likipasuka jioni unategemea duka moja la kijijini: hapo 195/65R15 utaipata, 16 pengine, 17 utalala. Huyu namshauri atumie hela yake kwenye matairi mazuri ya 15, na kama anataka sura, rimu za aloi za 15 zipo na zinapendeza. Akitaka kunyanyuka kidogo aende 205/65R15. Gari linapanda kama milimita sita na nusu, na namba ya uzito inafika 94. Kabla ya kulipa, afunge mawili ya mbele, ajaze watu, akate usukani hadi mwisho kulia na kushoto huku gari linatembea polepole, kisha aangalie plastiki ya ndani ya madgadi kama imekwaruzwa. Wish iliyochoka springi ndiyo inayogusa mapema.

17: kama lazima, basi ipi?

Simkatazi mtu. Premio nyeusi kwenye 17 inapendeza, na kwa anayekaa Masaki au Kilimani, njia zake ni lami tupu na gari analibeba yeye na mwenzake, 17 si ujinga. Tatizo ni kwamba ukisema “nipe tairi za 17 za Premio”, mara nyingi unaletewa 215/45, kwa sababu ndiyo iliyozoeleka. Mimi ningeuliza kwanza kama 205/50 ipo.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ubavu: milimita 102 dhidi ya 97. Ukishafika chini namna hiyo, kila milimita unaililia. Ya pili ni uzito. Tairi la 215/45R17 la kawaida lina namba 87, yaani kilo 545. Umeshuka kilo 70 kwa kila gurudumu kutoka kiwango alichokiweka mtengenezaji wa gari. Premio ya watu wawili haitagundua. Wish yenye watu wazima watano, watoto wawili na magunia ya mkaa ya kutoka shamba itagundua, na itagundua mchana kwenye jua la Dodoma, lami ikiwa imechemka na gari likiwa kwenye 110. Usikubali namba iliyo chini ya ile ya kiwandani. Ukichukua 215/45R17, hakikisha imeandikwa XL na 91. Ukichukua 205/50R17, tafuta XL 93.

Halafu kuna jambo ambalo fundi pancha wengi hawalijui. Tairi la XL linafikia uzito wake kwa upepo mwingi zaidi kuliko la kawaida. Kama kibandiko cha mlangoni kinasema PSI 32 kwa tairi la 91 la kawaida, XL ya 91 inataka kama 36 au 37 kubeba mzigo uleule. Ukiijaza 32 kwa sababu “gari hili ni thelathini na mbili siku zote”, umelipa XL ukapata chini ya hapo, na ubavu mfupi wenye upepo pungufu ndio unaomaliza rimu kwenye mashimo. Gari nalo litakuwa gumu zaidi. Huo ugumu ni sehemu ya bei ya 17, na mama akikaa nyuma kwenye safari ya Moshi atakwambia.

Upana wa rimu nao uangalie. 205/50R17 inakaa vizuri kwenye rimu ya upana wa inchi 6.5, na hadi 7.5 bado inakubali. 215/45R17 inataka 7 hadi 8. Rimu pana ya 8 iliyovalishwa tairi la 205 ili livutike pembeni ni mtindo wa watu wa maonyesho. Mdomo wa rimu unabaki wazi, na jiwe la kwanza la ukingo wa barabara linaula.

Kuhusu 18 sina mengi. 225/40R18 ina ubavu wa milimita 90, tairi na rimu vyote ni vizito, na gari lenyewe ni la familia la injini ya 1.5 hadi 2.0. Ukimwona mwenye Wish ya 18 anakwepa mashimo kwa kuhamia upande wa wanaokuja, utakuwa umeshapata jibu.

Rimu za Subaru kwenye Toyota

Huu ndio mtego unaonasa watu wengi zaidi wenye magari haya matatu. Impreza nyingi, na Forester za zamani, zina matundu ya 5x100 pia. Rimu zake za 16 na 17 ni nzuri, imara, zimeletwa kwa wingi kutoka Japani, na bei yake ya mtumba inavumilika. Muuzaji atakwambia: “Bosi, hii inaingia kama ya kwake.” Na kweli, matundu yanaingia. Lakini kuna vitu vitatu ambavyo yeye hatavitaja usipouliza.

Cha kwanza ni tundu la katikati. Habu ya Toyota hizi, yaani kitovu cha gari ambapo rimu inakalia, ina kipenyo cha milimita 54.1; rimu ya Subaru ina tundu la 56.1. Zimebaki milimita mbili hewani. Rimu inashikwa na nati peke yake badala ya kukaa juu ya habu, na ikifungwa ikiwa imeegemea upande mmoja hata kwa unywele, utasikia usukani unatetemeka ukifika 90 au 100. Utapeleka gari kwenye balansi, watakwambia magurudumu yako sawa, na kwenye mashine kweli yako sawa. Dawa ni ringi ndogo ya kuziba hiyo nafasi, ya aluminiamu au plastiki ngumu, 56.1 kwa nje na 54.1 kwa ndani. Ni kitu cha bei ndogo. Uinunue siku hiyohiyo.

Cha pili ni nati. Uzi wa stadi za Toyota, zile skrubu za habu zinazokazwa nati, ni milimita 12 kwa 1.5, wa Subaru ni 12 kwa 1.25. Ukiuziwa rimu na nati zake za Subaru ukakazia kwenye Toyota, zitaanza kuingia kwa shida, fundi ataongeza nguvu ya spana, na stadi itaharibika uzi. Halafu angalia mdomo wa nati: wa koni, wa bapa wenye washa, au wa duara. Lazima ufanane na kikalio cha rimu. Toyota nyingi zenye aloi za kiwandani zilitumia nati zenye shingo ndefu na washa bapa. Hizo huwezi kuzihamishia kwenye rimu yenye vikalio vya koni. Nati isiyokaa vizuri huonekana imekaza leo, ikalegea kesho kutwa.

Cha tatu ni ofseti, yaani rimu inaingia ndani kiasi gani ikishafungwa. Namba yake imechorwa kwa nyuma ya rimu, mfano “17x7JJ” na pembeni yake “48”. Tuseme rimu yako ya zamani ni ya upana wa inchi 6 na ofseti 45. Ukiweka ya inchi 7 yenye ofseti 48, mdomo wa ndani unasogea karibu milimita 16 kuelekea shokapu, na wa nje unatoka karibu milimita 10 kuelekea madgadi. Je, nafasi hiyo ipo? Pitisha kidole kati ya tairi la sasa na shokapu. Kidole kikipita kwa kubanwa, rimu hiyo si yako, hata iwe imepungua bei namna gani. Watakupendekezea spesa, kile kisahani cha chuma cha kuweka kati ya habu na rimu. Spesa nyembamba iliyotengenezwa kwa usahihi ina matumizi yake, lakini ile ya kupachika tu juu ya stadi zilezile inakula urefu wa uzi, na nati inashika mizunguko michache. Tafuta rimu yenye ofseti sahihi badala yake. Kwa magari haya, ya arobaini na kitu ndiyo unayoitaka.

Kabla ya kutoa hela, igeuze rimu uiangalie kwa ndani, mahali pasipopakwa rangi vizuri. Rimu iliyopinda ikanyooshwa huacha bonde dogo au alama za nyundo. Iliyopasuka ikachomelewa ina mshono. Ya kunyooshwa kidogo inaweza kuendelea na maisha. Yenye mshono iache hapohapo.

Jipya la jina kubwa, jipya la bei nafuu, au mtumba wa Japani?

Kama hela inatosha seti ya 16 za jina kubwa au seti ya 17 za bei ya chini, chukua ya kwanza bila kufikiri mara mbili. Tofauti kati ya tairi zuri na bovu huwezi kuiona kwa macho likiwa kavu. Unaiona siku ya mvua, mbele yako bodaboda amekata ghafla, na umbali wa kusimama ndio unaohesabika.

Hilo halina maana kwamba ya bei nafuu yote ni takataka. Yapo matairi ya China yanayofanya kazi yake kwa adabu kwenye mwendo wa mjini. Kwa kuyatofautisha, soma ubavuni maneno TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE, kama tairi linayo. Treadwear ya 400 inatarajiwa kuchelewa kuisha kuliko ya 200, ingawa namba hizo hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo zichukue kama dalili. Traction ndiyo ya kuiangalia zaidi: ni daraja la kusimama kwenye lami iliyolowa. AA ni bora, A ni nzuri, B na C mimi sichukui. Temperature, kwa joto la kwetu, nataka A.

Mtumba ndiko kwenye hadithi ndefu. Magari yanatoka Japani na matairi yake, na mengine huletwa matairi matupu. Baadhi yana kashata nene, mpira laini, yanauzwa kama “mapya kabisa haya, Japani”. Uyaangalie sana. Kaskazini mwa Japani kuna theluji, na madereva wa huko hubadilisha matairi kila majira ya baridi. Tairi la theluji lina mpira uliotengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali, na kashata zake zimekatwa mistari midogomidogo mingi, myembamba kama iliyochanjwa kwa wembe. Kwenye lami ya Tanga saa nane mchana mpira ule unalegea. Unaisha haraka, gari linayumba kwenye kona, na likilowa linateleza kuliko tairi la kawaida lililoisha nusu. Utalijua kwa neno STUDLESS ubavuni, au kwa majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx, au kwa herufi ya kasi Q, ambayo ni kilomita 160 tu. Alama ya M+S peke yake isikutishe. Hiyo ipo hata kwenye matairi mengi ya kawaida. Alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake ndiyo ya kukufanya uulize maswali.

Umri nao. Mwisho wa maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba hiyo mara nyingi ipo upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo muuzaji akikataa kuligeuza ujue sababu. Mpira unazeeka hata ukiwa ghalani. Tairi la miaka sita ambalo halijawahi kugusa barabara kwangu si jipya, na nyufa nyembamba kwenye mizizi ya kashata ni ushahidi wa kutosha. Mtumba nitauchukua kwa sharti la namba ya karibuni, saizi na aina moja kwa yote manne, na ndani ya tairi pakaguliwe kama pana kiraka.

Kwa mwenye Premio, Allion au Wish ya magurudumu manne yanayovuta, manne yote yawe sawa, hadi uchakavu wa kashata. Ukiweka mawili mapya mbele na nyuma yaliyoisha, mfumo unaogawa nguvu unafanya kazi muda wote bila kupumzika, na kuutengeneza ni ghali kuliko seti nzima.

Siku ya kufunga

Balansi kwenye mashine, halafu alaimenti gari likiwa chini. Nati zikazwe kwa spana inayopima nguvu. Kwa Toyota hizi ni nyutonimita 103. Bunduki ya upepo inayolia hadi inachoka inavuta stadi, na siku ya pancha hutaweza kuifungua kwa spana yako njiani. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe tena, kwa sababu aloi mpya hukaa taratibu.

Spea usiisahau. Ukienda 205/55R16 au 205/50R17, gurudumu moja la zamani la 195/65R15 linafaa kuwa spea, kwa kuwa kipenyo kinakaribiana vya kutosha kukufikisha kwa fundi. Ni bora mara nyingi kuliko ile spea nyembamba ya Japani inayotaka PSI 60 na mwendo usiozidi 80, ambayo kwa wengi imelala kwenye buti miaka bila upepo. Lakini nati ulizofunga kwenye rimu mpya huenda zisikae kwenye rimu ya zamani. Weka nati tano za zamani kwenye mfuko mmoja na jeki, na kama umefunga nati za kufuli, ufunguo wake uwe kwenye mfuko huohuo.